Jinsi Nyaberi Alivyoinua Karatasi ya Serikali

Sogeeni, enyi wachumaji mliopinda migongo, nanyi mliojibanza chini ya mabati mkingoja mvua ipungue. Tueni vikapu, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana habari hii haipendi kukatizwa. Si habari ya vita vya wafalme, kwani wafalme wana watu wao wa kuwasimulia. Ni habari ya mwaka wa 1971, siku ya Alhamisi, katika kituo cha Chebitet kwenye nchi ya chai, ambapo mtu mmoja aliinua karatasi kwa vidole viwili.

Jina lake Nyaberi, karani wa mizani, Mkataa Majani Makubwa, ambaye mbele ya ndoano ya mizani yake wanawake wenye ndimi kali walinyamaza wakasubiri hukumu. Majani mawili na chipukizi: hiyo ndiyo sheria aliyoijua, na nyingine hakupata kuitafuta. Lakini shujaa huyu alikuwa na jeraha moyoni, tena lilimstahili. Miezi minne nyuma alikuwa amerudisha kikapu cha mjane Gesare, akamwamuru aketi chini achambue upya. Gesare akachambua mpaka jua likapinduka, kwani majani yakishachumwa hayangoji mtu. Na saa ile ile wapimaji wa serikali waliingia katika shamba lake, wakamwita mwenyewe wasimwone, wakaandika mpaka kama jirani alivyowaonyesha. Mistari mitatu ya chai ikaenda ng'ambo ya mpaka, kwa jirani, na kaburi la mumewe likaenda nayo.

Watu wote walimwambia Gesare kwamba daftari la ardhi likishaandikwa limeandikwa, serikali haifuti. Akaamini. Ikawa anapalilia kaburi lile upesi upesi, akitazama nyuma kama mwizi, kwenye udongo alioulima miaka kumi na minne. Nyaberi alimwona mara mbili. Baada ya mara ya pili chakula kilimshinda.

Ndipo alipopata fununu kwamba wapimaji walikuwa wamebandika notisi kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Notisi yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona, kwa kuwa juu yake palipigiliwa tangazo la dipu, josho la ng'ombe, na nchi nzima ilijua, bila hata mmoja kukumbuka aliambiwa na nani, kwamba mwenye kugusa karatasi ya serikali hufungwa. Nyaberi akavaa koti la kanisani. Akachomeka kalamu mfukoni, akampitia Gesare, wakaupanda mlima.

"Karani, tunaenda kufanya nini huko?" Gesare akauliza.

"Kusoma."

"Kusoma tu?"

"Mama, kuna watu walianza na kitu kidogo kuliko hiyo."

Mbele ya ubao alisimama Arap Maritim, askari wa chifu, Ngome ya Matangazo, ambaye kwa mvua na kwa jua aliulinda ubao ule akiwa ameupa mgongo. Alipowaona akapiga buti chini.

"Simama hapo. Hii ubao ni ya kuangalia, si ya kugusa."

Nyaberi akavua kofia, akatoa hotuba. "Afande Maritim, mimi nimekuheshimu tangu ukuje hapa, na watoto yangu wanakusalimia kwa barabara. Sikukuja kupasua kitu, na sitabeba kitu. Nataka tu kuinua hiyo ya ng'ombe kidogo, nisome hiyo iko chini."

"Karatasi ya serikali ukigusa ni jela."

"Ni sheria gani inasema hivyo?"

"Inajulikana."

"Afande, mimi nikikataa majani ya mtu, namwonyesha jani yenyewe. Nionyeshe hiyo sheria, nitarudi nyumbani bila neno."

Askari akageuka. Akaukagua ubao kutoka juu hadi chini na kutoka kushoto hadi kulia, kwa uaminifu mkubwa, asiione.

"Bengine hiyo sheria iko chini ya hiyo ya ng'ombe," akasema.

"Basi tuangalie."

Ee kumbukumbu, simama imara hapa. Mkono uliozoea kutuliza mizani ukanyooshwa hadi ubaoni. Pini ya chini ilikuwa imeshika kutu, nayo ikapigana kama askari aliyesahauliwa kituoni. Lakini Nyaberi akaibana kwa kucha, akaizungusha, ikang'oka. Akainua tangazo la dipu kwa vidole viwili. Laana haikushuka, wala radi. Akasoma Kiingereza polepole, akakigeuza Kiswahili, kisha akamgeuzia Gesare kwa Ekegusii, lugha ya kwao: yeyote asiyeridhika na daftari alete pingamizi kwa maandishi, ndani ya siku sitini. Akahesabu siku kwa vidole tangu tarehe ya notisi, akarudia. Ilikuwa siku ya hamsini na tisa.

Gesare akaketi kwenye nyasi. "Andika sikukataa kuja," akasema. "Andika nilikuwa kwa laini ya mizani."

Nyaberi akaandika. Kisha, bila kuambiwa, akaongeza mstari: aliyemzuia mizanini ni mimi. Akatia sahihi yake, naye Gesare akatia kidole gumba.

Afisa wa ardhi aliyekuwa ndani ya ofisi alisoma, akagonga muhuri, akampa mjane nakala na tarehe ya kusikizwa. "Mbona mmechelewa hivi?" akauliza. "Notisi iko hapo nje siku zote." Nyaberi, ambaye angeweza kujibu mengi, akasema asante. Gesare akaikunja nakala mara nne akaifunga kwenye pindo la leso, na safari hii hakutazama nyuma.

Walipotoka walimkuta Arap Maritim amelishikilia tangazo la dipu likiwa bado juu, mkono umeanza kumchoka.

"Karani," akanong'ona, "hizo siku sitini ni ya watu wote, ama ni ya huyu mama beke yake?"

"Ya watu wote, afande."

Askari akachungulia mlango wa ofisi. "Siku ya kupima, hata mimi sikuwa kwa shamba yangu. Nilikuwa hapa, nachunga ubao."

Nyaberi akamsomea notisi upya, kisha akachomoa kalamu tena amwandikie pingamizi lake. Basi vizazi na viambiwe kwamba siku ya hamsini na tisa sheria ilisomwa Chebitet, mbele ya mashahidi, tena mara mbili, na hakuna aliyefungwa.