Swali Langu kwa Shefu wa Kartie

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kartie nzima, mtaa wetu wote, na nimejitakia mwenyewe.

Usiku shaka ilininyima usingizi: niseme au ninyamaze? Leo asubuhi tulitakiwa kuchagua mahali pa kuchimba kisima cha kartie yetu hapa Likasi, na hakuna jirani hata mmoja aliyejua ni sehemu zipi zimependekezwa. Unachaguaje usichokijua? Nikaandika swali. Nikalifuta. Nikaliandika tena kwa heshima zaidi. (Nina diploma na sina kazi. Muda ninao.)

Nikavaa koti jeusi nililotetea nalo kazi yangu ya mwisho chuoni. Nikafika saa nzima kabla ya mkutano. Viti vya barazani vilishajaa wazee, basi nikaegemea ukuta na kurudia swali kimoyomoyo, huku nikijisugua kama mbuzi mwenye viroboto. (Wasiwasi wangu hukaa mabegani.)

Shefu wa kartie akafungua mkutano. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Papa Shefu, kwa heshima zote! Raia tuna haki ya kupata habari! Sehemu zilizopendekezwa ni zipi? Zimeandikwa wapi?"

Makofi! "Huyu mutoto amesoma!" mtu akasema. Nikavimba.

Shefu akavua miwani taratibu.

"Ziliandikwa hapo tangu Jumatatu, mwanangu. Sasa ziko ku mugongo yako."

Nikageuka. Ule haukuwa ukuta. Ulikuwa ubao wa matangazo, na chaki yote imehamia kwenye koti langu!

Watu walicheka hadi kushikana. Mama Kapinga, muuza unga jirani yetu, akanikamata mabega.

"Simama vile, tusome! Apa minaona 'école'."

"Ile si 'école'," akasema mume wake, "ile ni jasho."

Nilitaka kukimbilia nyumbani. Lakini Mama Kapinga, akijipangusa machozi, akaongeza: "Ata kabla afute, minye sikuelewa kitu. Ilikuwa Kifaransa." Wengi wakaitikia: nao vilevile.

Hapo nikaacha kufikiri (mara ya kwanza mwaka huu). Nikaomba chaki. Shefu akanipa, pamoja na karatasi yake yenye orodha, nami nikaandika ubaoni kwa Kiswahili: karibu na shule (ndiyo ile 'école'), karibu na soko, au kwenye avenue yetu, barabara ya nyumbani kwetu. Nikasoma kwa sauti faida na hasara za kila sehemu. Nilipofika kwetu nikakwama. Karatasi ilisema chini kuna mwamba, na maji yatakuwa machache. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, ananikazia macho. Ningeweza kuruka mstari ule mmoja tu.

Nikausoma. Mara mbili.

Mikono ikahesabiwa: shule imeshinda. Tangu saa sita mama ameniambia sentensi moja tu: "Weye mwenye kusoma, weye utabeba bidoni za maji."

Kutoka shuleni hadi kwetu ni mlima mtupu. Anayecheka aje anisaidie kupanda.