Mnunuzi wa Kukodi

Jumatatu, 3 Juni

Kuanzia leo mimi ndiye dalali wa nyumba yetu. Nimejiteua mwenyewe. Dalali wa kweli alikuja asubuhi, akataka kujua fungu lake kabla hata hajakaa. Nikamfungulia mlango atoke. Kwa nini tumlipe mtu kwa maneno wakati maneno ninayo ya bure? Mama akaniuliza kama naijua kazi hiyo. Nikamkumbusha kwamba niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Akatazama dari, akaenda kuanika nguo.

Hali ni hii. Dada yuko ng'ambo, mimba imemwelemea, anamtaka mama karibu naye. Ruhusa zetu za kuingia huko, ya mama na yangu, zinakwisha mwezi huu. Nyumba ikiuzwa vizuri, tunapanda ndege sote wawili. Ikiuzwa vibaya... Lakini itauzwaje vibaya na mimi nipo?

Aliyeijenga ni marehemu baba. Alikuwa mwashi. Kila alipomaliza kumjengea tajiri, alirudi na dirisha lililobaki. Ndiyo maana humu hamna madirisha mawili yanayofanana. La sebuleni refu kama mlango. La jikoni hata paka hupita kwa kujibana. Wanunuzi nitawaambia ni mtindo wa kisasa.

Jumanne, 4 Juni

Wamekuja wa kwanza! Mwalimu mstaafu na mkewe. Watu wazito hao. Mwalimu anagonga ukuta kwa kidole, kisha anatega sikio kama daktari. Mkewe kazi yake kunusa. Alinusa vyumba, akanusa makabati, akaninusa na mimi. Kila ufa Mwalimu anataka punguzo. Nyuma ya mlango wa choo alivumbua ufa ambao mimi, niliyezaliwa humu, sijawahi kutambulishwa.

Wale ningewaweza. Tatizo ni mama. Nilikuwa nimesogeza kabati lifunike unyevu wa ukutani. Mama akawaambia wasubiri kidogo, hapo nyuma panavuja mvua ikija na upepo, mwanangu hebu sogeza hilo kabati waone. Nikamkonyeza. Akaniuliza mbele ya wageni, "Jicho linakuuma, baba?"

Halafu akaanza kuwasimulia madirisha. Hili mume wangu alilibeba kichwani kutoka mjini. Hili alilileta siku aliyozaliwa huyu kijana, akaja analia na dirisha mkononi, hajui akiweke wapi kilio wala dirisha. Mke wa Mwalimu akaacha kunusa. Akakaa. Wakanywa chai. Wakati wa kuondoka Mwalimu akasema watafikiri. Tutafikiri! Hilo ndilo tusi la wanunuzi.

Alhamisi, 6 Juni

Leo kaja mwenye duka la saruji na mabati. Nimemwita Bwana Futi, maana utepe wa kupimia hautoki kiunoni mwake. Tumbo linatangulia, yeye anafuata. Alipima uwanja kutoka kona hadi kona, ndani hakuingia. Mama akatoka na trei ya chai, akamkaribisha aone vyumba.

"Vyumba vya nini, mama? Mimi nataka kiwanja. Hili banda nitalisukuma."

Hili banda. Mama aligeuka na trei yake, vikombe vikigongana, akarudi ndani. Nilimkuta jikoni ameweka kiganja ukutani kama anayempima mtoto homa. Akasema yule hapewi. Atapewa mtu atakayeishi humu, hata akitoa kidogo. Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo siyo biashara. Akasema anajua.

Nikarudi nje kumwambia Bwana Futi kwamba tutafikiri. Akacheka, akaniita dogo. Dogo! Mimi!

Jumamosi, 8 Juni

Mwalimu amerudi. Amependa! Alijaribu kuficha, lakini nilimwona akisimama kwenye dirisha la sebuleni akimwonyesha mkewe mahali pa kuweka kiti. Akataja bei. Ukiibana vizuri inatosha tiketi mbili na mabegi. Mama akanitazama, macho yanamng'aa.

Mtu wa kawaida angesema ndiyo. Mimi si mtu wa kawaida. Nikamwambia Mwalimu tutafikiri. Nikamnywesha dawa yake mwenyewe! Akaahidi kuja kesho kupata jibu.

Sasa mpango. Mnunuzi akiwa peke yake anajivuta. Akimwona mwenzake, anapandisha bei. Kwa hiyo nimekodi mnunuzi. Rafiki yangu kinyozi, kibanda chake kiko ng'ambo ya soko, mama hamjui. Koti ameazima kwa shemeji yake. Funguo za gari anazo, gari hana. Nimemfundisha maneno matatu tu: "Nachukua. Bei yoyote." Mwalimu atashtuka, atapanda dau, tutapaa kwa viti vya mbele kabisa.

Mama sijamwambia. Uso wake haujui kutunza siri.

Jumapili, 9 Juni

Mpango ulikwenda vizuri mpaka ulipoanza.

Mwalimu na mkewe walikuwa wamekaa sebuleni. Kinyozi akaingia akizungusha funguo kidoleni. Kapendeza, hata mimi nilitaka kumwamkia. Nikangoja yale maneno matatu. Hayakuja. Jamaa akaanza kupita chumba hadi chumba, akiyashika madirisha moja moja. Akamwambia mama kwamba yeye angelala chumba cha mbele, jua limwamshe. Kwamba angeweka meza hapa na watoto wafanyie kazi zao za shule. Kwamba asingebadilisha dirisha hata moja.

Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga.

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Akamwita mwanangu. Akamwambia hapo hapo kwamba nyumba ni yake, bei watapatana, yeye akishatoa neno harudi nyuma.

Nikamgeukia Mwalimu. Sasa pandisha, mzee, pandisha! Mwalimu akainuka, akamshika kinyozi mkono, akampongeza. Akasema wao ni wazee, hawana ubavu wa kushindana na vijana wenye magari. Mkewe alivuta hewa ya sebule yetu kwa mara ya mwisho, pole pole, wakatoka.

Nilibaki nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Jumanne, 11 Juni

Mama anagawa vitu. Vyombo kampa jirani, kitanda cha wageni kampa binti wa jirani. Anafagia huku anaimba. Sijamsikia akiimba tangu tulipomzika baba. Nilijiambia nitamweleza ukweli baada ya chai. Nimekunywa chai nyingi sana leo.

Alasiri nilimkimbilia Mwalimu, nimwambie yule tajiri amejitoa. Nimechelewa. Wameshalipia nyumba nyingine. Mkewe alinijibu akiwa dirishani. Nikamuuliza wameipendaje hiyo mpya. Akasema haina harufu yoyote. Alisema kama mtu anayelalamika.

Kinyozi amezima simu.

Ijumaa, 14 Juni

Siku mbaya. Naandika alivyonieleza kinyozi mwenyewe, maana mimi sikuwepo.

Mama alikwenda sokoni kutafuta begi la safari. Akapita kwenye vibanda vya nyuma. Akamwona mnunuzi wetu, aproni kifuani, mashine mkononi, anamnyoa mtu. Hakupiga kelele. Aliingia, akaketi kwenye benchi la wateja, akangoja zamu yake. Kinyozi alipoinua kichwa, mashine ikamzimikia mkononi, mteja akabaki na nusu ya nywele.

Mama akamuuliza jambo moja tu. Yale maneno ya kulala chumba cha mbele, jua limwamshe, nayo alifundishwa?

Kinyozi akasema hapana, mama, hayo yalikuwa yangu. Kwamba yeye na mkewe na watoto wamepanga chumba kimoja kisicho na dirisha. Alipoingia kwetu alisahau kwamba anaigiza. Mama akamshika bega, akamwambia amalizie kichwa cha mteja.

Nyumbani alinipakulia chakula kama kawaida. Akaniuliza yule mnunuzi wetu anafanya kazi gani. Nikasema anaagiza magari kutoka nje.

"Ana mkono mwepesi kwa mtu wa magari," akasema.

Basi hapo nikajua kwamba anajua. Nikangoja anitukane. Natamani angenitukana. Alikula kidogo, akaosha sahani yake, akaenda kukaa kwenye chumba cha mbele, ambako hamna tena kitu cha kukalia.

Jumatano, 19 Juni

Dada anapiga simu kila siku. Daktari anasema wakati wowote. Ruhusa zinakwisha. Mama mwenyewe, kwa miguu yake, amekwenda dukani kwa Bwana Futi kumwambia aje.

Nilitaka kutengeneza nilipoharibu. Hilo liandikwe. Bwana Futi alipofika, mama akiwa ndani anavaa viatu, nikamvuta pembeni. Nikamnong'oneza kwamba kuna barabara kubwa inakuja, itapita hapa hapa mbele, kiwanja kitakuwa dhahabu, basi aongeze bei kabla wengine hawajasikia. Niliisema vizuri mno. Nilitaja hadi upana wa barabara.

Bwana Futi akafungua utepe wake. Akapima upana niliomtajia kuanzia njiani. Utepe ukaingia uwanjani, ukapita mlangoni, ukaishia katikati ya sebule. Akasema kama ni hivyo nusu ya kiwanja italiwa, basi na bei anaikata. Nikamwambia nilikuwa natania. Akasema watu wote wanaouza husema hivyo.

Mama akatoka. Akakubali. Alitia sahihi akiwa amesimama.

Jumamosi, 22 Juni

Tiketi ni moja. Nimejaribu kila namna, bei za kampuni zote, ndege za kupitia huku na za kuzunguka kule. Ni moja tu.

Mama akasema niende mimi. Eti mimi ni kijana, nina maisha mbele, yeye atajisitiri kwa jirani. Nikamjibu dada anataka mkunga wa moyo wake, sasa mimi nikafanye nini huko, nimshike mkono nimweleze habari za mpira? Akanicheka kidogo. Nikaona nimepata upenyo, nikaongeza kwamba siwezi kusafiri sasa, nina shughuli nyingi hapa mjini, watu wananitegemea. Akauliza watu gani. Nikasema wengi.

Akaniambia nisogee. Akaniweka kichwa kwenye paja kama mtoto, akanitafuta chawa ambao sina. Sikukataa. Hakuna aliyekuwa anaona.

Jumatano, 26 Juni

Mama ameondoka. Uwanja wa ndege hawaruhusu msindikizaji kuvuka mlango wa kioo. Aligeuka akanipungia mkono, lakini kioo kile kinang'aa kwa upande wa ndani, nadhani alikuwa anajipungia mwenyewe. Nami nikapunga hivyo hivyo, mpaka askari akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia vumbi. Akasema humu ndani hamna vumbi. Mtu wa kukera!

Jumapili, 7 Julai

Nakaa kwa kinyozi. Tunalala kama viberiti, watoto wanne na mimi, na mkewe ananiita shemeji wa kuhamia. Asubuhi nafagia nywele kibandani. Nyumba haipo tena. Nilipita Ijumaa, nikaona anga mahali ambapo sijawahi kuona anga. Sipiti tena njia ile.

Leo mama kapiga simu. Dada kajifungua mtoto wa kike, ana sauti ya muuza magazeti. Nilimsikia nyuma ya simu, kweli anayo. Mama akauliza kama nimekula. Nikasema kuku mzima. Akauliza nalala wapi. Nikasema chumba changu mwenyewe, nina na feni. Halafu akauliza, sauti ikiwa chini, wameshaivunja?

Sikupanga kusema nilichosema. Kilitoka chenyewe. Nikasema kumbe Bwana Futi si mtu mbaya hata kidogo! Alipoingia ndani akaipenda, ameghairi kuvunja, amehamia na familia yake. Amepaka na rangi.

Akauliza rangi gani.

Nikasema samawati.

Kimya kirefu. Nikadhani salio lake limekwisha. Kumbe analia. Akasema yeye siku zote alitaka samawati na baba ndiye aliyekuwa anakataa. Akasema alimfikiria vibaya yule bwana, nimpelekee salamu, nimwombee radhi. Na nimtumie picha. Awe amesimama mlangoni, amwone.

Nimefikiri mchana kutwa na jibu limepatikana. Mtaa wa pili kuna nyumba ya samawati. Haifanani na yetu, lakini nikipigia picha kwa mbali, jua likiwa nyuma, nani atajua? Nitasema wameongeza baraza. Na mwenye nyumba pia ninaye. Kuna fundi cherehani pale kona, ana tumbo lile lile la Bwana Futi. Anachotakiwa ni kusimama mlangoni na kupunga mkono, basi.

Kesho nakwenda kumfundisha. Safari hii nitamfundisha vizuri.