Bwana Shamba Afufuka Sura ya Pili

Jumapili, 6 Julai

Baridi kali. Ukungu umeingia mpaka kanisani. Baada ya misa Bibi Efrazia ametangaza kwamba Chama cha Wasomaji Endagikot kitachagua mwenyekiti Jumamosi ijayo. Sharti ni moja: mgombea asimame mbele ya wanachama atoe maoni yake juu ya kitabu alichokimaliza hivi karibuni. Amelikazia hilo neno, alichokimaliza. Alikuwa mwalimu miaka mingi, anajua kulikazia neno. Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Najua kwa nini. Hapa Endagikot mimi, Joakimu Akonaay, naitwa Nusu. Chanzo ni banda la kuku. Nililijenga kuta mbili, halafu nikapata mawazo mengine. Kuku wenyewe wameshazoea. Siku hizi hata watoto wa shule wananiamkia shikamoo Mzee Nusu, tena kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo inayouma. Nikishinda nitaitwa Mwenyekiti. Jina zima! Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Na vitabu nimesoma vingi, asinibishie mtu. Nimesoma mianzo yake. “Nyuki Wako, Mali Yako” ni kizuri, ila mwandishi anachelewa kufika kwenye asali. Mimi niliishia kwenye mizinga. “Barua kwa Verediana” ni mapenzi matupu, nikachoka hata msichana hajajibu barua ya kwanza. “Ukianza, Maliza” kilinigusa sana. Nilikiacha sura ya pili.

Mpinzani wangu ni Maximilian. Zamani alikuwa karani wa ghala, sasa kazi yake ni kusoma mbele za watu. Miwani yake ina kamba. Kabla ya kufungua ukurasa hulamba kidole na kutazama kama tunamwona. Leo ametangaza nje ya kanisa kwamba ameshamaliza “Mjane wa Bwana Shamba”, na ndicho atakachokielezea. Mke wangu Oliva amesema mtu kama yule hata banda la kuku angelimaliza. Nimekasirika. Nimekula ugali nusu tu.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Wenzangu wamepumzika, mimi nimefikiri. Nimepata! Kitabu cha kusikiliza! Lameck, yule mwenye kibanda cha simu mjini Mbulu, anacho hicho hicho “Mjane wa Bwana Shamba”, kimesomwa na mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa. Amenihamishia kwenye memori kadi, nikaichomeka kwenye kiredio changu. Nitamshinda Maximilian kwa kitabu chake mwenyewe.

Nimepita kwa Bibi Efrazia kumpa shikamoo na kuuliza kama sikio linahesabika. Maximilian alikuwepo, anakunywa chai. Akasema kusikiliza si kusoma, ni kusomewa, kama mtoto wa chekechea. Bibi Efrazia alifikiri kidogo, akasema sikio ni halali mradi mtu asilale. Nikamwambia mimi silali ovyo. Maximilian alicheka mpaka miwani ikamtoka puani. Kamba ikaidaka. Ile kamba naichukia.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda Bashay kumsaidia shemeji yangu Emanuel kung'oa vitunguu saumu. Mikono kwenye udongo, sikio kwenye kiredio. Mpango bora kuliko yote niliyowahi kuipanga.

Sura ya kwanza: bwana shamba anafika kijijini na pikipiki mpya, anafundisha watu kupanda kwa mistari, wanamcheka. Nzuri. Ikaisha, mama akasema: sura ya kumi. Sura ya kumi! Sijamaliza tuta la kwanza na nimeshafika sura ya kumi! Kumbe vitabu vya kusikiliza ni vya mwendo kasi. Wanaruka yale ya katikati ambayo hata hivyo hakuna anayeyasoma. Nimempigia simu Oliva kumpa habari. Amesema nisisahau kurudi na vitunguu.

Halafu bwana shamba akafa. Ghafla! Homa! Sura ya kumi na moja wakamzika, mvua inanyesha, mke wake hana hata koti. Nilijikaza, nikashindwa. Nimelia kwa sauti katikati ya shamba la watu. Mama Philomena, jirani wa Emanuel, alikuja mbio kuuliza kulikoni. Nikamwambia bwana shamba amefariki. Akashika kichwa, akaondoka mbio vile vile. Nikajisemea, mama huyu anapenda fasihi.

Baadaye nimegundua nilikuwa nang'oa vitunguu vya kwake. Bado vichanga kabisa. Kwa machozi sikuuona mpaka.

Jumatano, 9 Julai

Balaa. Mama Philomena hapendi fasihi hata kidogo. Alikwenda kutangaza kwamba aliyefariki ni bwana shamba wetu, Yonas, kijana mzima wa afya. Leo asubuhi nimefika Bashay nikakuta turubai limefungwa, kina mama wanachambua maharage, wazee wamekaa kimya na mashuka yao. Wakanipa pole mimi, maana mimi ndiye mleta habari.

Ningesema ukweli. Nilikuwa njiani kuusema. Lakini walinikalisha mbele, wakanipa chai yenye maziwa mengi, na mzee mmoja akaniomba nieleze marehemu alivyoondoka. Nikaeleza. Homa, mvua, mke asiye na koti. Walilia vizuri sana. Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza, Yonas alioa lini?

Hapo ikasikika pikipiki. Ni Yonas mwenyewe, amekuja kukagua vitunguu saumu. Mama Philomena akadondosha ungo. Yonas akavua kofia yake ngumu, akawaamkia wazee, akaketi msibani kwa heshima zote na kuuliza kwa sauti ya chini nani ametutoka. Alipoanza kuwapa wafiwa pole ndipo Emanuel akamnong'oneza. Hakufurahi. Alinitafuta kwa macho, lakini mimi nilikuwa nimeshapita nyuma ya zizi na kiredio changu. Hata maharage sikuyaonja.

Alhamisi, 10 Julai

Oliva hasemi nami. Amesema tu kwamba hasemi nami. Nimejifungia ndani kuendelea na kitabu.

Sura ya kumi na mbili: mjane anauza pikipiki, anarudi kwao. Nikadhani ndiyo mwisho. Mama akasema: sura ya pili. Na nani yule anayekunywa chai barazani? Bwana shamba! Mzima! Anasifia maziwa!

Mtu mwingine angechanganyikiwa. Angesema mwandishi alikuwa amelewa, angezima. Mimi nimekaa nikafikiri, nikaelewa. Ni uvumi! Kama Bashay! Hakufa hata kidogo. Kuna mtu mwenye domo alieneza habari, wakazika sanduku bila kuchungulia ndani. Ndiyo maana sura zinahesabiwa upya, kwa kuwa maisha yameanza upya. Sura ya tatu anamposa yule yule mjane wake, kwa haya, kana kwamba hawajawahi kuonana. Sura ya nne harusi, ya pili hiyo, na ng'ombe wanatolewa tena. Baba mkwe ana bahati. Hiki ni kitabu kikubwa, na nina hakika Maximilian amekisoma bila kukielewa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekutana na Maximilian dukani. Akaniuliza kwa kejeli kama nimefika kwenye mazishi. Nikamjibu: mazishi gani, na ana uhakika ndani ya sanduku kulikuwa na mtu? Amebadilika rangi. Ameacha sukari yake juu ya meza ya duka na kwenda nyumbani kusoma upya. Sijapata siku tamu kama hii tangu Pasaka.

Sura ya saba nilifumba macho kidogo ili nisikie vizuri. Nilipoyafumbua ilikuwa ya nane, na mtu fulani alikuwa ameshaudhika, sikujua kwa nini. Si neno. Sura ya tisa bwana shamba anaumwa tena, yuko kitandani, dirisha liko wazi. Anamwomba mke wake uji wa maziwa. Mke anakwenda jikoni kuwasha moto. Kisha kiredio kikaanza kupiga kwaya.

Nimemaliza! Kitabu kizima! Nimetoka mbio kumwambia Oliva. Ameniuliza kama nina hakika, na macho yake yalikuwa laini kidogo. Nimemwambia nina hakika. Amenipikia chai, na imekuwa na sukari.

Jumamosi, 12 Julai

Ukumbi umejaa. Yonas naye alikuja, akakaa mstari wa mbele, kofia yake ngumu magotini. Nilitamani kwenda nyumbani.

Maximilian alianza. Alilamba kidole. Alisema ni hadithi ya huzuni iliyopangika vyema, yenye mafunzo kwa jamii, na akayataja mafunzo yote. Watu walipiga makofi ya kikao.

Zamu yangu. Nilisema hiki ni kitabu cha furaha. Nilisema bwana shamba hakufa, alivumishiwa. Nikaeleza sanduku, posa ya pili, harusi ya pili, ng'ombe wa pili. Nikasema mwandishi anatufundisha kutolia kabla ya kupata uhakika, na hapo Mama Philomena, aliyekuja na kundi zima la Bashay, akainama kutazama viatu vyake. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Nikajua wamenaswa.

Kumbe Maximilian alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu. Alisimama akasema Nusu amesikiliza kitabu kichwa chini miguu juu, kiredio kimempangia ya kumi kabla ya pili, na mtoto wa chekechea angegundua. Watu wakaangua kicheko. Nusu! Nusu! Oliva alikuwa nyuma, karibu na mlango. Yeye hakucheka. Heri angecheka. Nilitamani sakafu ipasuke.

Maximilian akasema atasoma sura ya kumi ili wote wasikie bwana shamba anavyokufa. Akaanza kulamba kidole. Yonas akasimama.

“Mimi wiki hii nimekufa mara moja,” alisema. “Inatosha. Naunga mkono kitabu cha Joakimu.”

Kundi lote la Bashay likapiga makofi. Sikuelewa kama nimesamehewa au nachekwa, lakini makofi ni makofi.

Bibi Efrazia akagonga meza. Aliniuliza mimi, si Maximilian, kitabu changu kiliishaje. Nikamwambia kuhusu dirisha na uji wa maziwa, na mke anavyokwenda kuwasha moto. Mume wake Bibi Efrazia aliugua muda mrefu, sote tunakumbuka, na ni yeye aliyekuwa akimchemshia kila kitu.

“Hicho kitabu nimekisoma mara mbili, Joakimu,” alisema. “Mara zote mbili nimekifunga hapo hapo kwenye uji. Hiyo sura ya kumi sijaigusa.”

Maximilian alishusha kitabu polepole. Nilitaka kulia tena, nikakumbuka Bashay, nikajizuia.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Wakahesabu, wakahesabu tena. Mikono yangu na ya Maximilian ilikuwa sawa sawa. Bibi Efrazia alisema yeye hapigi kura, yeye ni mwenye funguo za kabati la vitabu tu. Kwa hiyo ameamua: mwaka ugawanywe. Maximilian atashika miezi sita ya kwanza, mimi miezi sita inayofuata. Karani wa kikao, Restituta, akauliza aandike cheo gani kwenye kumbukumbu. Mtu akasema kutoka nyuma, Mwenyekiti Nusu. Ameandika! Kwa wino! Na Bibi Efrazia ametia saini!

Jumapili, 13 Julai

Nilipotoka kanisani watoto wameniamkia: shikamoo Mwenyekiti Nusu. Oliva amecheka njia nzima mpaka nyumbani, ameshika mkono wangu ili asianguke. Angalau sasa anasema nami.

Lakini mambo hayajaisha. Nimemfuata Bibi Efrazia, nimemlalamikia juu ya hii nusu mwaka. Amesema atakubali kitu kimoja: kati yangu na Maximilian, atakayetangulia kumaliza kitabu cha karatasi kutoka kabatini kwake, kuanzia leo, atapewa mwaka mzima. Amenichagulia mwenyewe. Kinene, kinahusu ukoo mmoja wa wafugaji kule Hirbadaw, mababu mpaka wajukuu. Maximilian amepewa chenye unene ule ule. Amekimbilia kwake akiwa ameshalamba kidole.

Nimekaa nacho jikoni, nimekitazama. Nimetafakari makosa yangu yote kwa dhati, moja baada ya jingine, na nimeliona kosa liko wapi. Siku zote nimekuwa nikianzia mwanzoni! Ndiko ninakochokea! Maximilian bado atakuwa kwenye mababu huko.

Nimefungua ukurasa wa mwisho. Una mistari michache tu. Nimeusoma wote, bila kulala, bila kuruka hata neno. Chini pameandikwa Mwisho. Nimekifunga, nimemwita Oliva, nimemwambia nimekimaliza. Ameketi, ameniuliza maoni yangu ni nini. Nimemwambia mwandishi huyu anajua kumaliza.