Mkaguzi wa Suti Hamsini na Nane

Hinrich Osterloh hakuwa mwizi. Mwizi huvunja kufuli, na Hinrich alikuwa na vidole laini mno kwa shughuli hiyo. Yeye aliomba kwa adabu, watu wakampa, na mara nyingi wakamsaidia kubeba.

Asubuhi hiyo ya Februari alikaa dirishani kwenye duka la mikate mjini Köln, akinywa kahawa moja kidogo kidogo ili idumu. Mji wa Bremen alikuwa ameuhama wiki iliyopita, baada ya wajane wawili na mchungaji mmoja kukutana na kugundua kwamba wote wana mchumba, mlezi na mfadhili mwenye jina moja. Tangu siku hiyo alikuwa akilala ndani ya gari la mizigo la kukodi, amejikunja, huku suti yake ikining'inia imenyooka karibu naye. Suti ilikuwa na nafasi kubwa kuliko yeye, na ilistahili. Ndiyo ilikuwa ofisi yake, shahada yake na ukoo wake. Bila suti hiyo, Hinrich alikuwa mtu wa makamo mwenye njaa.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kampuni ya bima. Saa mbili kamili wanaume wakaanza kuingia, na Hinrich akaweka kikombe chini.

Wote walivaa suti za bluu iliyokolea, sufu safi, kazi ya fundi na si ya kiwanda. Mabega yamekaa, mikono imeishia pale inapotakiwa kuishia. Hinrich alimfahamu Mholanzi mmoja, Wim Theunissen, mwenye ghala la mitumba ya hali ya juu huko Aachen, ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza nguo imetoka kwenye kabati la nani. Suti kama hizo, zikifika kwa Wim zote kwa pamoja, zingempatia Hinrich chumba chenye kitanda na bafu hadi kiangazi. Alipiga mahesabu ya kitanda, kisha ya bafu, kisha akasimama, akapangusa makombo kwenye koti na kuvuka barabara.

Mkurugenzi aliitwa Kleinertz. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyeandika kurasa kumi na nne za kanuni za mavazi kwa wafanyakazi wake. Viatu vya kahawia marufuku. Tai yenye picha marufuku. Wanawake lazima wavae kisigino kirefu. Soksi zifike chini ya goti, na palikuwa na mchoro wa goti.

"Nimezisikia kanuni zako hadi kwetu Taasisi," Hinrich alisema, akikaa bila kukaribishwa. "Taasisi ya Mavazi ya Kazi. Tuko hapa hapa Köln, nyuma ya kanisa kuu, mwaka wa thelathini huu."

"Sijawahi kuisikia."

"Hatujitangazi, Bwana Kleinertz. Tunatoa cheti kimoja tu cha daraja la kwanza kila mwaka. Mwaka jana kilikwenda Düsseldorf."

Kleinertz akashusha kalamu. Mtu wa Köln unaweza kumtukania mama yake akakusamehe. Ukimwambia jirani zake wa Düsseldorf wamemshinda, hapati usingizi.

"Düsseldorf," alisema polepole. "Wale wanavaa viatu vya kahawia."

"Nilipinga. Nikashindwa kwa kura. Mimi mzaliwa wa hapa, unafikiri iliniuma kiasi gani?"

"Umezaliwa hapa?"

"Ungeweza kusikia kengele kutoka kitandani kwangu," alisema Hinrich, ambaye alizaliwa kando ya machinjio ya Bremen.

Hapo mambo yakawa mepesi. Cheti kilihitaji ukaguzi, na ukaguzi ulihitaji maabara. Suti zote zingewekwa kwenye mifuko, zifungwe kwa lakiri, zichukuliwe na zirudi kesho yake. Mfuko ukishafungwa usifunguliwe na mtu yeyote hadi maabara, maana hewa ya kawaida inaharibu vipimo. Hinrich alikipenda sana hicho kipengele cha hewa, alikitunga papo hapo.

"Tatizo ni siku," alisema. "Sitaki watu wako wakae kazini bila suti."

"Alhamisi," Kleinertz alijibu bila kufikiri. "Alhamisi hakuna anayevaa suti."

Hapa msomaji mwenye ndugu Köln ameshacheka. Hinrich yeye aliona mlango umefunguka, na mtu wa kazi yake haulizi nani kaufungua. Alisema Alhamisi inafaa kabisa, akainama na kuondoka.

Njiani kutoka alipita mapokezi kuandikisha ujio wake wa Alhamisi. Hapo alikaa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, Sibilla Wolfgarten, ambaye jengo zima lilimwita Billa. Alimtazama Hinrich kuanzia viatuni hadi kwenye tai.

"Tai nzuri," Billa alisema.

"Hariri ya Italia, mama. Haitoki shingoni mwangu hadi nizikwe nayo."

"Na Alhamisi utakuja nayo?"

"Alhamisi hasa."

Billa akaandika kitu kwenye daftari lake na kumtakia siku njema.

Alhamisi Hinrich alifika saa tano kasoro robo, amenyolewa, tai imekaa. Mlangoni alikutana na nyuki. Nyuki huyo alikuwa na mabawa, pembe mbili za waya na uso wa Bwana Kleinertz.

"Karibu mkaguzi," alisema nyuki kwa ukavu ule ule. "Suti ziko chumba cha kumbukumbu. Hamsini na nane. Ya kwangu ndiyo ya kwanza."

Ndani palikuwa na maharamia, watawa wenye ndevu, na mhasibu aliyevaa kama tango. Hinrich alitabasamu kwa kila mmoja na kujiambia kwamba kila kampuni ina wazimu wake. Alikuta mifuko imetundikwa safi. Alifungua minne, akapapasa sufu. Akafunga mifuko yote, akagonga lakiri kwa mhuri wake kwenye kila mmoja, na akaanza kuliona bafu lenye mvuke.

Saa tano na dakika kumi na moja jengo lilipasuka kwa makelele. Mlango ukafunguka na wanawake wapatao arobaini wakaingia, wengine wachawi, wengine malkia, wote na mikasi. Mbele yao alikuwa Billa, amevaa kofia ya admirali. Kabla Hinrich hajapata neno, Billa alishika tai, akasema "samahani kidogo", na akaikata chini ya fundo. Kisha akambusu shavuni, kama inavyotakiwa.

"Una wazimu wewe?" Hinrich alipaza sauti. "Hiyo ni hariri. Nitakupeleka polisi."

Malkia mmoja akashusha mkasi wake. Katika jiji lile, kila mwanamume, kuanzia babu hadi mjukuu, anajua kwamba Alhamisi ya Wanawake, siku inayofungua kanivali ya mavazi ya kuchekesha, tai hukatwa na kulipiwa busu, ndiyo maana huvaa ile mbovu aliyopewa na shemeji yake.

"Bwana Osterloh," Billa aliuliza kwa upole, "si ulimwambia mkurugenzi kwamba wewe mzaliwa wa hapa?"

"Nyuma ya kanisa kuu."

"Mwaka wa thelathini."

"Taasisi ndiyo ya miaka thelathini. Mimi mwenyewe zaidi."

"Naona," alisema Billa. Alimwangalia kwa muda, akaiangalia mifuko, akaiangalia lakiri. Kisha akatabasamu kwa ukarimu mkubwa. "Basi pole, baba, tumekuharibia. Lakini huwezi kutembea humu na suti baada ya saa tano na kumi na moja. Leo vazi la kazi ni hilo la kuchekesha. Kanuni namba tisa, mkurugenzi mwenyewe kaiandika. Mkaguzi wa mavazi akivunja kanuni ya mavazi, si aibu hiyo?"

"Mimi ninaondoka sasa hivi."

"Bila sherehe ya kukabidhi suti? Nyuki wetu atakasirika, atasema lete suti zirudi kabatini."

Hinrich hakutaka kitu chochote kirudi kabatini. Dakika tano baadaye alikuwa dubu. Dubu mzima, wa manyoya, mwenye kichwa kikubwa chenye matundu mawili ya macho, kila moja likionyesha kipande tofauti cha dunia. Suti yake, mhuri na lakiri mfukoni, ilipokelewa na mchawi mmoja, aliyeitundika kwa heshima. Ufunguo wa gari Billa alimwekea Hinrich mwenyewe kwenye kiganja cha manyoya, ili asiwe na wasiwasi.

"Akina mama watakupakilia mizigo, na suti yako humo humo," alisema. "Wewe kale kitumbua."

"Mifuko isifunguliwe," dubu alisema. "Hewa."

"Tunajua habari ya hewa."

Ukumbini walimpa vitumbua vyenye jamu ambavyo hakuweza kuvifikisha mdomoni. Kleinertz alitoa hotuba akawataja Düsseldorf mara saba. Hatimaye Billa akaleta mhuri wa Hinrich na cheti, kimechapwa vizuri, nakala mbili.

"Tumekuandalia mapema ili kesho usisumbuke. Gonga mhuri hapa na hapa."

Hinrich alisogeza kichwa kushoto akaona neno *Taasisi*. Akakisogeza kulia akaona jamu. Maisha yake yote alikuwa amewaambia watu, "Hapa tu, ni utaratibu," na watu wakatia sahihi. Hakuwahi kufikiria kwamba maneno hayo yanaweza kusemwa kutoka upande mwingine wa meza. Akagonga mhuri mara mbili. Watu wakapiga makofi, nyuki akafuta machozi.

Akatoka nje, akakuta gari limejaa mifuko, lakiri zote zipo. Akina mama walijipanga barabarani wakimpungia mkono, na aligundua kwamba wote walikuwa wamevaa raba. Gari lilikuwa zito kwenye kona. Sufu nzuri, aliwaza, ina uzito wake, na akaimba hadi Aachen, ingawa kichwa cha dubu kilikuwa kwenye kiti cha pembeni na watoto walimwonyesha kidole kwenye kila taa.

Theunissen alimpokea mlangoni mwa ghala. Alimtazama dubu, hakuuliza. Alivunja lakiri ya kwanza, akaingiza mkono ndani na kutoa kiatu cha kike, cheusi, chenye kisigino kirefu. Akatoa kingine. Akavunja lakiri ya pili, ya tatu, ya kumi. Sakafu ikajaa michuchumio, mamia, mingine imevunjika, mingine bado ina plasta za malengelenge ndani.

"Hinrich, umeniletea nini?"

"Nilizipapasa. Wim, nakuapia, nilizipapasa kwa mkono wangu."

Kwenye mfuko wa mwisho palikuwa na nakala ya cheti. Theunissen akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"'Kwa uamuzi wa Taasisi, kifungu cha kwanza: mwanamke wa kampuni hii halazimishwi tena kuvaa kisigino kirefu kazini, na mkurugenzi akibadili hilo atapoteza daraja la kwanza, lipelekwe Düsseldorf.'"

Hinrich alikaa juu ya viatu.

"'Kifungu cha pili: visigino vyote vilivyopo vichukuliwe na Mkaguzi Mkuu mwenyewe kwa uchunguzi. Visirudishwe.'"

Aibu ilimpanda Hinrich hadi masikioni, na chini ya aibu, hakuweza kujizuia, alihisi wivu wa fundi aliyeona kazi safi ya fundi mwingine. Mwanamke yule angeweza kuitikisa Ujerumani nzima, naye anakaa mapokezi.

"Kuna cha tatu," alisema Theunissen. "'Suti ya Mkaguzi Mkuu imekaguliwa. Imeonekana kwamba ndani yake hamna mtu wa Köln. Imezuiliwa.'"

Mholanzi akageuza karatasi, akaichungulia dhidi ya taa.

"Na huu mhuri ni wa nani?"

"Wangu," alisema dubu.