Jeshi Langu la Sabuni

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nimepata wito wangu. Nina miaka arobaini na mitatu. Nimechelewa kidogo, lakini nimeupata.

Nilikwenda Mbarara kwa Shakib, mwenye duka la vitambaa, kuchukua vitambaa vya harusi ya Sonia, mdogo wa mke wangu. Nikamchukua Nehemiya anisaidie kubeba. Nehemiya ni seremala, Mrundi, jirani yangu hapa Kashojwa. Ukuta wake na wangu ni mmoja. Kosa la kwanza lilikuwa kumchukua.

Nyuma ya duka kuna chumba. Ndani yake meza kubwa, kitambaa cha kijani, vilima vya maboksi, mto wa karatasi ya bluu wenye daraja. Juu yake askari wadogo wa urefu wa kidole, kila mmoja amepakwa rangi mpaka vifungo. Na hapo sakafuni Sajini Aloysius wa kambi ya jeshi, mtu mzima mwenye tumbo lake, amepiga magoti na kufumba jicho moja. Alikuwa anachungulia kama askari wake anaweza kumwona adui nyuma ya kilima. Shakib akanieleza. Kila mtu ana jeshi lake. Unasogeza kwa inchi. Dadu inaamua nani anaanguka. Wanacheza kila Jumamosi, baada ya swala ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Akaazima utepe wangu wa kupimia, maana wa kwao umepotea. Mimi ni fundi cherehani, utepe haunitoki shingoni hata kanisani. Nikapima mwendo wa farasi mwenyewe: inchi kumi na mbili.

Mwenzao wa tatu, Meddy, amehamia Fort Portal. Kiti kimoja kiko wazi. Nikakiomba. Nehemiya naye akakiomba, mtu ambaye dakika tano kabla alikuwa amekalia vitambaa vyangu anakula kabalagala, vile vitumbua vya ndizi! Shakib akaamua: tarehe kumi Mei tuje wote wawili, kila mmoja na askari thelathini waliopakwa rangi. Tupigane. Mshindi akae.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Miaka kumi na miwili katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nimepangwa foleni. Foleni ya mahindi, ya maji, ya sabuni, ya kuhesabiwa. Nataka mara moja kwa wiki mimi ndiye nipange wengine. Kiti kile ni changu.

Jumapili, 27 Aprili

Askari wa dukani hawanunuliki. Kikosi kimoja ni bei ya cherehani. Nitatengeneza mwenyewe.

Udongo: umepasuka kabla ya chakula cha mchana. Fufu, ugali wetu wa muhogo: ilikubali vizuri sana. Nilifinyanga majenerali wawili wenye kofia, nikawaanika mlangoni. Kuku wa Nehemiya amewala wote wawili. Nimekwenda kulalamika. Nehemiya akaniuliza kwa upole kama majenerali walikuwa na chumvi. Nyuma yake niliona msumeno na vumbi jipya la mbao.

Jumanne, 29 Aprili

Siku ya kugawiwa sabuni. Saa tatu nzima kwenye foleni, nyuma ya mwanamke mwenye mwavuli uliokuwa unanichoma sikio. Nikapokea miche yetu. Nikaikandamiza kwa kucha. Laini! Lakini inashika. Nikarudi mbio, nikachukua wembe wa kukatia nyuzi, na baada ya nusu saa alikuwa amesimama mbele yangu askari mweupe, ana bunduki, ana pua, na ananukia vizuri.

Mbao ina nyuzi, inapasuka. Sabuni haina nyuzi. Nehemiya atalia.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, na mimi nimefanya kazi. Sabuni yetu ilitoa askari kumi na wawili tu, basi nimepita nyumba kwa nyumba. Zipu moja, nusu mche. Kupunguza suruali, mche mzima. Majirani wamefurahi. Nyumba nane upande wetu hazina sabuni, lakini suruali zote zimewakaa.

Jioni wametimia thelathini. Kumi na wawili kati yao wamepanda farasi. Rangi ni ile ya kucha ya Georgette, mke wangu: nyekundu kwa makoti, waridi kwa farasi. Georgette ameuliza sabuni iko fasi gani. Nimemwambia iko salama. Si uongo. Haijawahi kulindwa namna hii.

Jumamosi, 3 Mei

Msiba.

Nilikwenda kumpima Byiringiro, bwana harusi, suruali yake. Nikakaa kwa chai. Kurudi nikamkuta Georgette uani, beseni limejaa povu mpaka ukingoni, na shati jeupe la bwana harusi linameremeta kwenye kamba. Nikatazama chini ya kitanda. Farasi hawapo, wapanda farasi hawapo.

Alikuwa amewamenya rangi kama vitunguu, mmoja baada ya mwingine. Nikapaza sauti kwamba hao walikuwa kikosi changu cha farasi. Yeye hakuinua kichwa. Akasema, "Bale ba farasi banatoa povu muzuri. Balebale ba miguu nao bako fasi gani?"

Nimewahamishia wa miguu ndani ya mfuniko wa cherehani. Usiku mzima nitalala na ufunguo.

Jumatano, 7 Mei

Nimeanza upya. Sabuni imekwisha Kashojwa. Nimepata kwa mbali, kwa kushona sare tano za kwaya. Farasi safari hii ni wanene, maana haraka haina baraka. Lakini wako kumi na wawili.

Nehemiya amekuja mlangoni kuomba kipande cha sabuni. Ujasusi mtupu! Nikamwonyesha mstari wangu makusudi, ili moyo umvunjike. Akawatazama muda mrefu. Akasema wamependeza, kweli kabisa, na kama nataka ana mbao imebaki, tunaweza kuchonga pamoja. Nikakataa. Akauliza, "Jirani, na mvua ikinyesha?" Nikamjibu kwamba askari wa kweli haogopi mvua. Akaondoka. Nadhani nilimgusa.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa nimechoka, lakini lazima historia iandikwe.

Tuliondoka asubuhi kwa pikapu ya matoke, mimi, Georgette na Nehemiya. Georgette alikuja kutafuta viatu vya bibi harusi, na beseni lake limefunikwa kitambaa. Jeshi langu lilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa nilioushona mwenyewe, wenye vifungo viwili na mkanda. Tulipita Isingiro mjini jua linawaka. Nikamwonyesha Nehemiya jua kwa kidole. Kabla ya kufika Masha mbingu ikafunguka.

Hakuna turubai. Tukajikunyata katikati ya ndizi. Nikaukumbatia mfuko kifuani, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu ya joto la mwili. Kila shimo la barabara niliwahisi wakisuguana. Tulipofika Masha povu lilikuwa linanitoka kwenye vifungo vya shati. Dereva alisimama akauliza kama mimi ni mgonjwa.

Kwa Shakib nilimwaga mezani bonge moja la waridi, ukubwa wa kichwa cha mtoto, na bunduki tatu zimechomoza. Nikatangaza kwamba ni ngome. Sajini Aloysius akaligusa kwa kidole, akanusa kidole. "Fundi, hii si jeshi. Hii ni sabuni ya kuoga, ssebo." Kwao ssebo ni bwana. Nehemiya alikuwa anapanga askari wake thelathini wa mbao, wakavu, rangi ya kijani na nyeupe. Hakucheka. Ningependa angecheka, ningepata cha kumchukia.

Nikaona kiti kinakwenda. Nilikuwa nimesimama palepale ninaposimama siku zote, mikono imeshika mfuko mtupu, nasubiri mtu mwingine aamue. Machozi yalinijia, na niliisingizia sabuni.

Ndipo Georgette akafunua beseni lake. Ndani kulikuwa na kaveera, mfuko wa plastiki, imefungwa mafundo mawili, na ndani ya kaveera askari sita wa miguu, wakavu kama walivyochongwa. Ufunguo wangu haukumzuia. Alikuwa amewachukua alfajiri, anataka kunawa miguu Mbarara kabla ya kumjaribia Sonia viatu dukani.

Nikanyoosha mkono. Sajini akauliza hao ni wa nani. Georgette akasema, "Ni bangu. Balikuwa mu beseni yangu." Shakib akafikiri. Akasema kanuni ni kanuni, mwenye askari ndiye anayeamuru. Na kwa kuwa sita kwa thelathini si haki, akaamua hivi: ikifika adhana ya magharibi na hata mmoja wa mama amesimama, kiti ni cha mama.

Nikajifanya mshauri. Nikamwambia awapange kwenye ukingo wa mto, mstari mmoja ulionyooka, warefu nyuma. Akanitazama kama aliyeniona mara ya kwanza. "Bakikala fasi moya, bote batakufa." Akawatawanya. Wawili nyuma ya kilima, mmoja chini ya daraja, wengine mmoja mmoja kwenye kona za maboksi.

Basi nikashika utepe. Angalau hilo ni langu. Askari wake wa kwanza alitakiwa kusogea inchi sita, nikampimia nane. Sajini akasimamisha vita. Nikamweleza kwamba fundi yeyote huacha inchi mbili za mshono, bila hivyo nguo inapasuka. Sikukusudia kuiba, mkono umezoea. "Hapa hatushoni suruali, ssebo." Akanivua utepe shingoni. Nilibaki nasikia baridi.

Nehemiya alikuja kwa mpango, thelathini kwa mstari safi, na daraja linapitisha watatu. Wakakwama. Wakaanza kuvuka kidogo kidogo. Kila walipofika mahali, mtu wa Georgette alikuwa ameshaondoka, inchi sita tu, nyuma ya kitu kingine. Hakushambulia hata mara moja. Alikuwa anatazama meza kwa uso ambao niliujua, ila sikukumbuka wapi. Mmoja akaanguka kwa dadu, wa pili, wa tatu, wa nne. Wakabaki wawili nyuma ya boksi la viatu, na Nehemiya yuko pande zote mbili.

Sajini akapiga magoti, akafumba jicho, akachungulia kutoka kushoto, akachungulia kutoka kulia. Akasema hawaonekani. Adhana ikaanza.

Aloysius alisimama akampigia saluti. Akamwuliza, "Mama, wewe ulisomea wapi hii kazi?"

"Mu njia, afande," Georgette akasema, kisha akauliza kama maduka ya viatu bado yamefunguliwa.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani watu wamempongeza Georgette. Kwangu wameulizia sabuni yao.

Nimemwuliza wakati tunamenya viazi alijuaje kuwaficha vile. Akanijibu kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Tulipokimbia vita Rutshuru, kule Kongo, tulikuwa sita: yeye, mimi, Sonia akiwa mdogo, na watoto wetu watatu. Siku nne za mguu hadi mpakani. Nikakumbuka uso ule ni wa wapi. Nilikuwa namfuata nyuma nimebeba kichwa cha cherehani, yeye mbele ananyoosha mkono: hapa, subirini, sasa. Alitusogeza wote sita, na hakuanguka hata mmoja. Mimi kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikisimulia kwamba niliitoa familia yangu.

Nikamwambia nampenda na kwamba kiti kile ni haki yake. Akasema nimenye maganda membamba zaidi, natupa nusu ya kiazi. Akaongeza kwamba Jumamosi naweza kuja kumbebea beseni. Nilikubali kwa moyo mweupe kabisa.

Jumanne, 13 Mei

Nimefikiri.

Shakib alisema mwezi wa sita mtu yeyote anaweza kumpinga anayekalia kiti. Mtu yeyote. Mume ni mtu.

Tatizo halikuwa mimi, lilikuwa maji. Kinachohitajika ni kitu laini kama sabuni lakini kisichojua maji ni nini. Juzi padri alinipa vipande vya mishumaa ya Pasaka, kapu zima, ili nimtilie kanzu kiraka. Nta! Inachongeka kama siagi. Nimemwacha askari mmoja ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi alikuwa hana hata chozi.

Wako thelathini tayari. Wamesimama mstari mmoja ulionyooka, warefu nyuma. Nehemiya amechungulia juu ya ukuta, akafungua mdomo, akatazama jua, akaufunga tena. Mara hii hakupata la kuuliza.

Saa hizi ni saa sita na nusu mchana. Nimewaanika juu ya paa la bati la jikoni rangi ikauke haraka. Jua ni zuri, halina hata wingu. Naenda kula, nikirudi nitawakagua.