Bi Harusi na Gari la Marehemu Baba

Jumatatu, 4 Agosti
Gari limegoma. Nazungusha ufunguo, stata inalia, injini haiwaki. Na Jumamosi binti yangu mkubwa anaolewa! Gari hili ndilo lililompeleka mama yangu harusini, baba mwenyewe akishika usukani. Binti ameahidi kupanda langu. Lakini shemeji, kaka wa mke wangu, ana jipya linalong'aa kama sufuria ya dukani. Ameshatangaza kwamba lake litakaa tayari kwa dharura. Dharura ipi? Husuda tu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwita fundi. Hata boneti hajafungua, akauliza kama gari lina petroli. Mimi niulizwe hivyo! Nikamwonyesha geji: nusu tanki. Akasema geji za zamani hudanganya, tuchungulie. Nikamjibu kwamba geji hii ni mkweli kuliko yeye. Imesimama kwenye nusu tangu mwaka jana, haijayumba. Akacheka, akabeba spana zake, akaenda. Aende! Nitalitengeneza mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti
Nimesugua plagi zote kwa mswaki. Kumbe mswaki wa mke wangu. Gari haliwaki, na mke hanisemeshi. Shemeji kapita, mikono mfukoni, akaniuliza kwa upole kama nimeangalia petroli. Maneno yale yale ya fundi! Wamekula njama. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefunga betri ya jirani. Wapi! Binti kaja na chai, akaketi kwenye tairi karibu nami. Akasema twende tu na gari la mjomba, mimi nikae naye nyuma nimshike mkono. Moyo uliniuma. Nikamwambia mtoto wangu hapelekwi harusini na gari la mtu. Akasema haya baba, nitapanda la kwako.

Jumamosi, 9 Agosti
Binti aliingia kiti cha nyuma, shela na yote. Mimi na suti yangu. Ufunguo: nye-nye-nye. Kimya. Majirani wote nje! Nikaamuru lisukumwe. Wapambe wakakataa, eti viatu virefu. Ikabidi nimwombe bi harusi ateremke, mara moja tu. Akateremka. Akasukuma, na gauni jeupe, mpaka njia panda! Hapo akatazama viganja vyake, vyeusi tii, akaanza kulia. Shemeji akamfungulia mlango wa gari lake. Hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilifika ukumbini kwa miguu. Nikakuta ameshaingia, mkono wake umeshikwa na mjomba. Nilikaa nyuma kabisa, na watu waliokuja kula tu.

Jumapili, 10 Agosti
Mke wangu kachovya kijiti kwenye tanki. Kimetoka kikavu. Akanikabidhi kijiti, akarudi ndani. Kumbe shemeji kaninyonyea petroli! Maana geji mpaka sasa inasema nusu.

Nimewaza kutwa nzima, nimeligundua kosa. Binti alisukuma kwa ncha za vidole, kama mgeni. Gari la zamani halitaki hivyo. Bahati nzuri mdogo wake naye amechumbiwa, na yule ana mabega. Kuanzia kesho anachota maji, ndoo mbili mbili.