Silasi Aongea na Modemu

Katika Nzega nzima, kuanzia stendi hadi mnadani, hakuna mwanadamu anayeijua simu kumzidi fundi Silasi. Huo ni ushahidi wa Silasi mwenyewe. Shahidi wa pili hajapatikana!

Asubuhi hiyo Advera alimpelekea kompyuta yake. Alikuwa anaomba kazi ya ualimu. Barua na vyeti vyote vilikuwa humo, maombi yanafungwa saa sita mchana, na Wi-Fi ya kompyuta imekufa. Alitaka intaneti ya simu ipite kwenye waya, basi.

"Si kuna mahali pa kubonyeza tu, kaka?"

"Kubonyeza!" Silasi akasonya. "Hayo waachie watoto, dada. Mimi naongea na modemu yenyewe, ile inayovuta intaneti humo humo ndani ya simu, ana kwa ana!"

Akachomeka waya kwenye simu yake, akafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, akaandika herufi mbili za kuiita: AT. Modemu ikajibu: OK.

"Umeona? Imesalimu amri!"

Akaandika tena. OK. Akaandika kwa kidole kimoja, macho kayafumba. OK! Lahaula, wateja waliokaa kwenye benchi wakapiga makofi, na bwana mkubwa akatanua kifua utadhani reli ya kati kaijenga yeye.

Advera akatazama saa. Tano na dakika hamsini! Miaka minne anauza karanga, shahada iko kabatini inaliwa na mende.

"Kaka Silasi, intaneti imeingia?"

"Imesema OK mara thelathini, unataka na kiapo?"

Advera akafungua ukurasa wa maombi. Mweupe pe! Hasira zikampanda. Akampokonya simu, akaingia kwenye mipangilio, akakuta swichi ya kugawa intaneti kwa waya, akaiwasha. Ukurasa ukafunguka. Akatuma kila kitu. *Maombi yamepokelewa.* Saa sita kasoro dakika mbili! Akaketi chini, machozi yakamtoka.

"Lakini ilikuwa inaitika!" Silasi akalalama. "Kila nikiandika, OK!"

Bi Recheli, muuza uji wa pale jirani, akaweka upawa chini.

"Mwanangu, mimi kila asubuhi namwamkia baba mkwe shikamoo, naye anaitika marahaba. Hajaenda kunichotea maji hata siku moja!"